Makosa Yaliyoandikwa kwa Penseli

14 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekupigia simu mara nne bila kupokelewa, nikaona heri niandike. Kwenye karatasi angalau hatukatizani. Natumaini u mzima, na shemeji mgongo wake umepoa. Mwambie fundi wa pampu asiyekubali kulala hatapona kwa dawa peke yake.

Huku hatujambo. Chiriku, binti yako, anakusalimu. Mitihani ya kwanza ya chuo amefanya vizuri, na tangu ahamie kwangu nyumba haina ukimya tena. Huyo binti anaongea hata akipiga mswaki. Juma lililopita nilikwenda naye ofisini. Alikaa nyuma ya kiti changu mchana kutwa akiniuliza kwa nini bahari ikipata joto huku mvua inakwenda kule. Wenzangu wakasema huyu ni wewe mtupu. Nilicheka, lakini nakiri maneno yale yalinikaa vizuri moyoni.

Sasa ombi langu. Paa la ghala letu la kumbukumbu limevuja. Watu wa hali ya hewa tumenyeshewa makaratasi, ndiyo aibu tuliyonayo. Fomu za mvua za kanda yenu, za miaka kumi na miwili, zimegeuka uji. Na hii imetokea wakati imeundwa kamati ya kupima utabiri wetu wa misimu: kabla ya kila msimu tulisema nini, na mvua ikafanya nini. Ni misimu ishirini na minne. Utabiri wa kanda yenu tangu mwanzo nautengeneza mimi, kwa hiyo anayewekwa kwenye mizani ni mimi.

Madaftari ya asili unayo wewe. Naomba uyafunge yote vizuri, uyatume kwa basi la vifurushi kabla ya mwisho wa Machi.

Kuna jingine ambalo sijamwambia mtu. Mkuu wa dawati la misimu anastaafu, na jina langu limetajwa. Kamati ikiridhika, nafasi ni yangu.

Mdogo wako

---

11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata siku nyingi, nikaiweka juu ya kabati, kazi zikanizonga. Shemeji yako bado mgongo. Majuzi aliinama kwenye pampu ya shule akashindwa kuinuka, wakamleta nyumbani kwenye mkokoteni kama gunia, naye njia nzima anawaelekeza pa kupita.

Chiriku mwambie nami nina anwani. Mimi mama yake ananitumia ujumbe wa simu wenye maneno manne. Bahasha yako nilidhani umeiandika wewe, kumbe ni mwandiko wake, siku hizi umelala upande kama wako. Hilo la "wewe mtupu" nimelisoma.

Madaftari nitayatafuta. Lakini kama mnataka kujua utabiri wenu ukoje, hamkuwa na haja ya kamati. Hesabu ninayo mimi. Tangu uanze kusema redioni, kila msimu nakaa na kalamu naandika ulichosema. Msimu ukiisha najumlisha mvua yangu, naweka vema au naweka kosa. Umepata tisa. Umekosa kumi na tano. Mwanafunzi mwenye alama hizo huwa haletewi cheo, huletewa fimbo.

Tena siku hizi mna maneno yenu: uwezekano wa asilimia arobaini mvua kuwa nyingi. Ikinyesha, ulisema. Isiponyesha, ulisema pia. Mwenye duka akinipimia sukari hivyo tutagombana.

Mimi saa tatu kamili asubuhi naingia uani kituoni, namimina maji ya kipima mvua kwenye bilauri, nainama mpaka jicho liwe sawa na mstari, nasoma, naandika. Sijaruka hata siku moja, pamoja na ile tuliyomzika mama. Halafu natoka getini mtu ananisimamisha: dada yako kasemaje mwaka huu? Mimi niliyeshika maji mkononi naulizwa habari za mtu aliye mbali. Namjibu asikilize redio.

Hongera kwa jina lako kutajwa.

Dada yako

---

24 Februari

Dada,

Shikamoo, na pole kwa shemeji. Chiriku nimemsomea aya inayomhusu. Amenuna, kisha ameandika, utaikuta humu ndani. Usimgombeze kwa mwandiko. Nilimpa madaftari yangu ya zamani ajisomee, labda ndipo alipoupata.

Nitakuwa mkweli. Vema tisa na makosa kumi na tano viliniuma, wala si kwa sababu ya idadi. Miaka kumi na miwili umekuwa ukiniwekea kosa kila msimu, na tukikutana unanikaribisha na kunitandikia kitanda.

Lakini hesabu yako ina shimo. Nikisema sitini kwa mia mvua itakuwa chache, ikawa nyingi, hujanikamata bado. Mimi mwenyewe nilikuambia zipo arobaini za kwenda kinyume. Kunikamata kunataka subira. Kusanya misimu yote niliyosema karibu sitini. Je, mvua ilinifuata mara sita katika kumi? Kama ilinifuata mara tatu tu, mimi ni mwongo. Kama ilinifuata mara zote kumi, pia nina kasoro, maana nilijua kuliko nilivyothubutu kusema. Kisha kusanya zile nilizosema arobaini, ufanye hivyo hivyo.

Kuna na jaribio la pili, ndilo linalotunyima usingizi ofisini. Mfikirie mvivu mmoja asiyetazama bahari wala upepo, kila msimu anasema tu "mvua itakuwa ya kawaida". Katika misimu mitatu atapata mmoja bila jasho. Mtabiri asiyemshinda mvivu huyo afunge ofisi aende zake. Sasa utaona kwa nini nataka misimu yote. Misimu miwili mitatu haihukumu mtu, iwe kwa sifa au kwa lawama.

Utabiri wa msimu huu tumeutoa juzi. Kwenu ni sitini kwa mia mvua chache, ishirini na tano ya kawaida, kumi na tano nyingi. Sijawahi kuwasemea sitini ya ukame tangu nianze. Waambie watu wapande mtama na mbegu za siku chache.

Na neno moja la mwisho. Najua kuna kinachokukera kilichotangulia utabiri. Barua za chuo zilikuja mbili, yako na yangu, mama akapigwa na kiharusi juma lile lile. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia niende.

Nasubiri madaftari.

Mdogo wako

---

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na barua ya Chiriku nimeipata. Kurasa mbili, moja na nusu ni habari zako.

Ni kweli nilisema nenda. Nilisema mara moja. Ungeniuliza mara ya pili ningejibu vingine, lakini ulikuwa umeshaanza kukunja nguo. Hakuna aliyenilazimisha, ndiyo maana sina wa kumlaumu, na kinyongo kisicho na wa kumbebesha hukaa na mwenyewe. Nilimlisha mama miaka ishirini kwa kijiko. Wewe ulikuja likizo na vitenge.

Haya, tuje kwenye mvua yako chache. Machi peke yake nimepima milimita mia na sitini na nne, na Machi ya kawaida hapa ni mia na kumi. Maji yanapita mlangoni, uani kituoni naingia na viatu vya mpira. Watu wanacheka. Wanapopita wananiuliza ukame umepotea njia?

Tarehe kumi Machi walikutana kwenye baraza la duka la Bwana Mbegu. Wengi walikuwa wamenunua mtama kwa kukusikiliza redioni. Waliniita nami nikaenda na hesabu yangu, nikawasomea mbele ya watu: tisa na kumi na tano. Nikawaambia mimi nimeshika kipima mvua miaka ishirini na miwili, na mwanzo kama huu naujua, huu ni msimu mzito, pandeni mahindi ya siku nyingi. Watu kumi na saba walirudisha mtama palepale. Mjane wa mwashi alisema, kumbe mtaalamu tulikuwa naye hapa hapa. Sitakuficha, nilirudi nyumbani nikiimba.

Madaftari nasikitika. Nimeyatafuta nikakuta mchwa wameyala, yamebaki majalada tu. Iambie kamati yako.

Dada yako

---

8 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika, na sasa nitaandika kwa ufupi.

Kamati imemaliza. Kwa kukosa rekodi za kituo chako kanda nzima imeondolewa kwenye hesabu, na ile ndiyo kanda niliyoifanyia kazi vizuri kuliko zote. Kwa kilichobaki, mimi na yule mvivu tumetoka sare. Nafasi amepewa mwenzangu wa chumba cha pili. Alikuja mezani kwangu kunipa pole na nikamshukuru, kisha nikaenda chooni nikakaa huko mpaka watu walipokwenda chakula cha mchana.

Chiriku anasema mwisho wa mwaka alipokuwa akitafuta shuka aliyaona madaftari, yote, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chako. Mchwa wanaokula bati sijawahi kuwasikia. Sikumwambia lolote, aliisoma barua yako mwenyewe, akaniuliza kwa nini mama aseme vile.

Umeandika kana kwamba mwenye wivu ni mmoja tu katika nyumba yetu. Nikija likizo mama alikuwa akiniita kwa jina lako, nami naitika. Nikimpa maji anasema, mwache dada yako anipe, huyu mgeni atanimwagia. Alipokata roho ulikuwa umemshika mkono, mimi nilikuwa redioni nawaambia watu nisiowajua wafungue mitaro. Mimi sina aliyenihitaji asubuhi na jioni hata siku moja. Ndiyo sababu Chiriku akikaa nyuma ya kiti changu najisahau.

Huku mvua imekatika mapema kila mahali. Sijui kwenu.

Mdogo wako

---

21 Juni

Mdogo wangu,

Sikuanza na salamu kwa sababu sijui kama utaipokea. Shemeji yako amepata nafuu, ameanza kutembea mpaka kwa jirani. Anajua ninachokuandikia. Amesema mficha uchi hazai, kisha akageukia ukutani akalala.

Mvua ilikata tarehe sita Aprili. Nilidhani inapumzika. Kila asubuhi saa tatu naingia uani, nainua chombo, kikavu, naandika sifuri. Sifuri ya kumi nilianza kuona haya kuvuka barabara. Mpaka mwisho wa Mei jumla ya msimu ni milimita mia mbili thelathini na moja, na kawaida yetu ni mia tatu na tisini. Mvua chache, kama ulivyosema. Mahindi yalifika kiunoni yakakunja majani. Waliobaki na mtama wanavuna. Wale kumi na saba waliorudisha kwa neno langu hawana cha kuvuna, na hakuna aliyekuja kunitukana. Afadhali wangekuja.

Madaftari hayakuliwa. Nitakueleza kwa nini niliyaficha.

Pembeni mwa kila daftari, kabla ya kila msimu, mimi naandika utabiri wangu kwa penseli. Nilianza msimu ule ule ulioanza wewe. Natazama upepo wa Januari, joto la usiku, umande, siku ambazo sisimizi wanahama, natazama na miaka ya nyuma. Kisha naandika: chache, kawaida, nyingi. Misimu minne ya mwanzo nilipata mitatu, wewe ukapata mmoja. Ah, mdogo wangu, mitatu ile ndiyo iliyonilisha miaka kumi na miwili. Nikifua, nikipika, nikisikia sauti yako redioni, nasema kimoyomoyo: mtu sahihi yuko hapa, aliyekwenda siye. Baada ya hapo niliendelea kuandika, lakini sikuhesabu tena. Za kwako nilihesabu. Nyani haoni kundule.

Madaftari yangekuja kwenu, wangeyaona ya pembeni. Kufuta nisingeweza. Kumbukumbu ya kituo haifutwi, ndivyo nilivyofundishwa, hata kama ni penseli na ni upuuzi wangu.

Juma lililopita nililivuta sanduku, nikakaa sakafuni mchana kutwa, nikahesabu kama ulivyonielekeza. Yako kwanza. Misimu uliyosema hamsini au zaidi ni kumi na mmoja, mvua ilikufuata saba. Uliyosema arobaini ni kumi na mitatu, ilikufuata mitano. Nikakaa nayazungusha. Unaposema zaidi ya nusu inakuja zaidi ya nusu, na unaposema arobaini inakuja karibu na arobaini. Hukuwa unajikinga kwa maneno kama nilivyokutuhumu. Ulikuwa unasema unachojua na unasema umejua kiasi gani. Kwa jumla umepata kumi na miwili. Mimi nilikuwa nimekuandikia tisa. Mitatu nilikunyima. Mmoja kwa sababu mvua ilichelewa siku kumi kuanza, miwili bila sababu.

Kisha nikahesabu za mvivu. Amepata minane.

Kisha zangu. Saba.

Niliihesabu mara tatu, nikiutafuta angalau mmoja uliojificha. Hata mvivu alinishinda. Ile mitatu ya mwanzo ilikuwa bahati, na juu ya bahati hiyo nimejenga nyumba nikaishi.

Jumapili nilikwenda kwenye baraza la Bwana Mbegu nikaomba waitwe. Niliwasomea upya, mvua ya kila msimu, ya kwako, ya mvivu, ya kwangu. Niliwaambia nimewadanganya nilipowasomea tisa, na kwamba niliwashauri mahindi kwa sababu nilitaka wewe ukosee. Mjane wa mwashi, ambaye shamba lake lote ni la kukodi, aliniuliza, "Kwa hiyo mwaka ujao tumsikilize nani?"

Nikasema, "Mdogo wangu. Na mumhesabu pia."

Alichukua kikapu chake akaenda. Tangu siku hiyo ananipita.

Madaftari yamo kwenye kifurushi kitakachokuja na barua hii, yote kumi na mawili. Cheo chako sitaweza kukirudisha, maji yameshamwagika. Wasomee kamati kila kitu, hata ya pembeni.

Dada yako

---

30 Julai

Dada,

Shikamoo. Madaftari yamefika salama. Chiriku aliyapokea stendi, akayabeba mwenyewe mpaka ofisini, akakataa kusaidiwa. Amesoma pembeni mote. Hajasema neno tangu juzi, nami nimeanza kuukosa ule mdomo.

Nimeyapeleka kwa Mwenyekiti wa kamati, mzee mkali asiyecheka, nikamwambia yote. Hesabu imerudiwa na kanda yenu ndani. Nimemshinda mvivu vizuri. Nafasi imeshakwenda, hairudi, lakini jina langu limeandikwa panapostahili. Kwa hilo nashukuru. Kwa yaliyotangulia bado nina hasira, na sitaki kuifunika kwa salamu.

Lakini si hilo lililonichelewesha.

Mwenyekiti alikaa na madaftari yako siku mbili. Alipomaliza aliniita. Nilikuwa nimejiandaa kukutetea au kukushitaki. Badala yake aliuliza, "Huyu ameandika makosa yake kabla hayajatokea, miaka kumi na miwili, na hakufuta hata moja. Yuko wapi?" Akanieleza kwamba wanafungua kitengo cha kukagua utabiri, ambacho hakitatabiri, kitahesabu tu na kusema kweli. Wanatafuta watu wa vituoni wenye rekodi ndefu na safi. Mafunzo ni mwaka mmoja, umri hawaangalii. Akanipa fomu nikupelekee. Mwisho wa kuipokea ni tarehe thelathini Septemba.

Nilirudi mezani nikaitia fomu kwenye droo. Nilijiambia nitaituma kesho. Siku tisa, dada. Kila siku naifungua droo, naiona, naifunga. Nilikuwa nafikiri utakuja, utakaa ghorofa ya juu yangu, na kazi yako itakuwa kunihesabu mimi, na utaifanya vizuri kuliko mimi ninavyoifanya yangu. Na Chiriku atarudi kwa mama yake. Siku ya tisa niliitambua ile hali. Niliwahi kuwa ndani yake.

Nilipokwenda chuo mwaka ule, msajili aliniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamweleza habari ya mama. Alisikitika, akaandika barua palepale: nafasi yako itashikiliwa mwaka mzima, uje ukipata wa kumwangalia mgonjwa. Alinipa mkononi nikupelekee. Mama mkubwa alikuwa ameshasema yuko tayari kuja kukaa na mama, unakumbuka, nawe ukamjibu haina maana tena. Ilikuwa na maana. Barua ilikuwa kwenye begi langu. Shuleni ulinishinda miaka yote, na pale chuoni kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiniita mdogo wake fulani. Nilisema nitaituma kesho. Kisha mwaka ukaisha, nikaichana.

Umeandika kwamba huna wa kumlaumu. Unaye.

Sikuombi kitu. Fomu nimeiambatisha, haina mkunjo. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Mdogo wako

---

19 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako niliisoma nikaenda kukaa uani kituoni, nje ya saa za kipimo, jambo ambalo silifanyi. Shemeji yako alikuja na kigoda akakaa pembeni. Siku ile na zilizofuata nilikuandikia barua tano na zote nimezitia motoni. Hii ya sita ni fupi kwa sababu hizo nyingine nimekwisha kuzisema.

Nilipokuwa nakuonea wivu bure niliona haya. Sasa nimejua haukuwa wa bure, na ajabu ni kwamba haikunipa raha hata kidogo. Ningependa mama mkubwa awe hai nimwombe radhi. Wewe sijui nikuambie nini. Nitakapojua nitakuambia ana kwa ana, na siahidi kuwa yatakuwa mazuri.

Mjane wa mwashi alikuja jana. Alitaka kujua umesema nini juu ya msimu unaokuja. Nikamweleza: arobaini na tano kwa mia ya kawaida. Akauliza mimi nasemaje. Nikamwambia sisemi. Akakaa kidogo, akanywa maji, akaondoka, safari hii kwa kuaga.

Nimemfundisha shemeji yako kusoma bilauri. Anainama kwa taabu lakini jicho lake ni zuri. Atashika kituo.

Chiriku mwambie asafishe kile chumba cha nyuma, nitalala naye, na kwamba nataka kusikia kelele zake.

Fomu nimeijaza. Sikuipitisha mikononi mwako. Nimempa dereva wa basi la vifurushi aifikishe kwa Mwenyekiti mwenyewe, na Mwenyekiti amenipigia jana jioni kusema ameipata.

Dada yako